Wahadhiri, barua za vijana wetu tuziandike wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wahadhiri wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini. Nafundisha hisabati katika chuo kimoja hapa Mbeya. Kila mwaka, mvua zikikaribia, vijana hunijia kuhusu maombi ya shahada ya uzamili ya uhandisi wa fedha, yaani fani ya kutumia hisabati na kompyuta kupima bei na hatari za masoko. Wengine wanalenga vyuo vya Marekani kama Baruch ya New York, Carnegie Mellon au Berkeley, wengine Cape Town. Mkononi wana bahasha, na ndani mna barua ya mapendekezo waliyoiandika wao wenyewe, kwa sababu mhadhiri fulani amewaambia: "Wewe andika, niletee nisaini."

Barua hizo ukisoma moja umezisoma zote. Kijana ana nidhamu, anajituma, anashirikiana vizuri na wenzake, ni hazina kwa taifa. Sasa, wanaochagua wanafunzi kule hawana shida ya kujua kama kijana huwahi darasani. Wanatafuta kama anaimudu kalkulasi, aljebra ya matriksi, hesabu za uwezekano na takwimu, na kama anaweza kuandika programu kwa Python au C++. Fomu ya mpendekezaji mara nyingi huuliza kabisa: kati ya wote uliowafundisha, huyu yumo katika asilimia 5 za juu, 10 au 25? Wenzangu wanamweka kila anayekuja kwenye 5 za juu. Na sisi ndio walimu wa hesabu!

Mwaka juzi niliandika barua ya binti mmoja wa Mbozi. Habari ya nidhamu sikuigusa, nilieleza kazi yake. Baba yake huuza kahawa kupitia chama cha msingi na hulipwa kwa shilingi kwa kilo, wakati bei ya arabika kwenye soko la New York hutajwa kwa senti za Marekani kwa ratili. Binti alipakua bei za siku hadi siku, akazigeuza kuwa shilingi kwa kilo, kisha akajiuliza: mkulima angelipa kiasi gani leo ili awe na haki ya kuuza kwa bei hii hii miezi sita ijayo, hata soko likiporomoka? Alianza na fomula ya Black na Scholes ya mwaka 1973 ya kukadiria bei ya haki kama hiyo, ambayo huchukulia kwamba mtikisiko wa bei haubadiliki. Data ikamkatalia. Julai 2021, baridi ilipounguza mibuni ya Brazil, bei iliruka kwa namna ambayo fomula ile haiitarajii. Akatengeneza programu yake ya kuigiza mwenendo wa bei, na mwishoni akaandika bila kuficha ni wapi inashindwa.

Aya nzima ya barua yangu ilihusu swali aliloniuliza ofisini: kwa kuwa mkulima analipwa shilingi, je, kupanda na kushuka kwa dola kuingie kwenye hesabu hiyo hiyo, au kuhesabiwe pembeni? Siku ile sikuwa na jibu. (Mimi ni mtu wa Tukuyu, wa chai na ndizi; kahawa yenyewe sinywi.) Barua ya namna hiyo mwanafunzi hawezi kujiandikia. Aliitwa kwenye usaili.

Huko kwenye usaili nako hakuna maneno matamu. Huulizwa mambo kama haya: ukirusha sarafu ya shilingi 200, kwa wastani itabidi urushe mara ngapi mpaka kichwa cha Mzee Karume kitokee mara mbili mfululizo? Wengi hukurupuka na 4. Jibu ni 6, na msaili anataka kuona umelifikiaje.

Vijana nao wana lao. Wengi hudhani fani hii ni uhasibu wa ngazi ya juu. Aliyepita ECA (uchumi, biashara na uhasibu) kidato cha tano na sita, akaenda kusoma biashara chuoni, anaomba akiwa na BAM pekee, hisabati tumizi ya msingi. Hajafungiwa mlango, ila cheti cha semina ya ujasiriamali hakitamwokoa. Mihadhara ya Profesa Gilbert Strang wa chuo cha MIT cha Marekani kuhusu matriksi ipo bure mtandaoni, na Baruch wana masomo ya matayarisho kabla ya kuomba. Asome, kisha afanye mtihani wenye alama, maana kusema "nimejisomea" hakuna anayeweza kukupima nako. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, nayo inatoa uzamili wa sayansi za hisabati kwa ufadhili kamili, na ni njia nzuri kwa asiye na fedha.

Jambo jingine ni GPA, wastani wa alama za chuo. Yetu ni ya 5.0, ya Wamarekani ni ya 4.0. Kijana mwenye 3.8 asiigeuze kwa kichwa chake. Aandike wazi "3.8 kati ya 5.0", na aambatishe maelezo ya kila somo la hisabati, kwa kuwa namba ya kozi peke yake haimwambii mtu wa Chicago kilichofundishwa.

Wenzangu, kiungo cha kutuma barua huja moja kwa moja kwenye baruapepe ya mpendekezaji, na vyuo vingi hupendelea anwani ya kazini kuliko ya Gmail. Nawajua vijana waliopitwa na tarehe ya mwisho kwa sababu mhadhiri hafungui sanduku lake la kazini. Uongozi wa vyuo uhakikishe anwani hizo zinafanya kazi hata likizo.

Wanaonihitaji mimi waje na matokeo yao, maelezo ya masomo na kazi moja waliyoifanya kwa mikono yao, wiki tatu kabla ya tarehe ya mwisho. Barua iliyokwisha kuandikwa waiache nyumbani.

Mhadhiri wa hisabati,
Uyole, Mbeya