Mami, kuhusu ile Probox ndogo

Mami, sasa? Natumai joto ya Kisumu haijakumaliza. Pesa ya rent nimetuma jana usiku, angalia simu. Sasa hii ni juu ya lile swali uliniuliza ukicheka, ati mbona mzee mzima nimeagiza gari ya plastiki ya kuunganisha kutoka Japani, na kwa zile zote ziko, Ferrari, Skyline, zile Subaru mnapenda, mimi nikachagua Probox ya kubeba mayai. Siku hiyo sikukujibu vizuri juu nilikuwa Jogoo Road na matatu ilikuwa inanifinya, wacha nikujibu sasa nimekaa na chai.

Kwanza ujue si mimi nimeileta hiyo wazimu. Wajapani wenyewe ndio wametengeneza modeli ya Probox, kampuni inaitwa Aoshima, wako mji wa Shizuoka, mji huo huo wa akina Tamiya, wale wengine wa modeli, na wako kwa hii kazi tangu 1924 wakati walikuwa wanatengeneza vindege vya mbao. Na wametoa NCP160V, ile ya 2014 kuendelea, yaani hii yetu hasa, si ile ya kwanza ya 2002 yenye uso mwingine. Yetu ni ya 2015, si unakumbuka vile nilikimbizana nayo itoke huko kabla haijagonga miaka 8 ikataliwe Mombasa. Kule kwao Probox ni gari ya seilsimeni, ndio maana kuna ile meza ya kuvuta hapo kati kwa dashibodi, ni ya kuwekea laptop ama chakula mtu akiwa ameparki kando ya barabara. Mamako anawekea risiti za maduka. Kwa hivyo kazi yake huko na kazi yake hapa ni moja tu, isipokuwa huko hawaibebeshi vile sisi tunaibebesha.

Ningeweza kununua gari ya maana, sikatai. Hasegawa, hao pia ni watu wa modeli, wana ile Datsun 1600 SSS ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, iliyoshinda Safari Rally 1970, babu yako angeipenda sana hiyo maana kila Pasaka alikuwa anatuhadithia vile walikuwa wanangoja magari kwa vumbi. Lakini hiyo Datsun mimi nitaijulia wapi? Nitaangalia picha, nitaamini karatasi ya maelezo, nikiambiwa bolti iko hapa nitaweka hapa, basi. Hii yetu nikikwama nashuka ngazi na tochi naenda pakingi naangalia. Hapo ndipo utamu uko, mami, na sidhani mtu anaweza kukueleza mpaka ufanye. Nimeendesha hiyo gari kila siku tangu ishuke melini na kumbe sikuwa naijua, nilikuwa najua stelingi na kioo cha mbele na bei ya petroli. Sasa nimelala chini yake na futi nikapima mpaka soja wa geti akaja kuniuliza pole pole kama naiuza, kuna shemeji yake anatafuta Probox safi.

Hesabu yenyewe ni rahisi, kila kitu unagawanya kwa 24. Hiyo 24 asili yake ni ya inchi, nusu inchi kwa kila futi moja ya gari. Gari yetu ni milimita 4245 kutoka bampa hadi bampa, kwa hivyo ndogo inatoka karibu 177, upana 1690 inakuwa 70, unaishika na mkono mmoja. Na jambo lingine limenifurahisha, inchi moja ya gari ya kweli inakuwa milimita moja na kitu kidogo sana kwa modeli. Sasa fikiria mafundi wetu vile wanapima kila kitu kwa inchi. Ile keria juu ni mabomba ya mraba ya inchi moja, yule fundi wa Kariobangi Light Industries aliichomelea nikiwa nimesimama hapo, kwa hivyo kwa modeli ni waya wa milimita moja. Nimechuna kebo ya stima iliyobaki wakati wa kurekebisha soketi za jikoni, nikanyoosha waya wa shaba, nikaunganisha na solda, na keria imekaa hapo juu inapendeza kuliko ile ya ukweli, sema ya ukweli ilipindwa na yule jamaa wa kuhamisha kochi. Sijaipinda bado. Nafikiria.

Na hapo ndio maneno yalianzia na mamako. Yeye anasema kama nimetumia pesa yote hiyo basi gari itoke safi, kama imetoka tu kwa meli. Mimi nasema hiyo ya kutoka kwa meli Aoshima wameshaitengeneza, iko kwa picha ya boksi, hainihusu. Wao wanajua Probox vile Toyota aliitoa kiwandani, lakini kile imepitia tangu ifike hapa ni sisi peke yetu tunajua, na kama siweki hiyo basi nimetengeneza gari ya mtu mwingine. Kwanza yao imekaa chini sana. Hii yetu tuliiinua inchi mbili juu ya ile barabara ya shambani, kwa modeli ni milimita mbili tu na nywele, lakini bila hizo mbili unaona kabisa hii gari haijawahi kuona Kenya. Nimekata vipande vya plastiki nikaviweka juu ya ekseli na tairi zikashuka, na ghafla nikaona ni yetu.

Saidi mira nazo! Unajua zile riveti tulipiga baada ya kuibiwa ile ya kushoto pale mjini, kichwa cha riveti ukigawanya kwa 24 kinabaki theluthi moja ya milimita, huwezi kuchonga hiyo, nachovya ncha ya sindano kwa gundi nyeupe ya mafundi wa mbao, nagusisha, inakaa kitone, ikikauka napaka rangi. Namba tulizochora kwa vioo ndio zimenishinda kuzifanya zisomeke, herufi ya sentimita moja inakuwa chini ya nusu milimita, nimekwaruza tu kidogo na ncha ya kisu uone kama kuna kitu kimeandikwa. Na vioo usiviguse na supaglu hata siku moja, ule mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwa plastiki inayopitisha mwanga na kuutoa ni kazi, ndio maana hapo natumia hiyo hiyo gundi nyeupe. Bodi nayo ina gundi yake, ile nyembamba kama maji, hiyo kwa kweli hainati, inayeyusha plastiki pande zote mbili kidogo halafu zinakuwa kitu kimoja. Inanuka. Dirisha wazi.

Rangi ndio imenila wiki nyingi, na hapa nitaongea kidogo kwa sababu hata wewe utakuja kununua gari. Fungua boneti, kuna bati limeandikwa C/TR, hapo ndipo kodi ya rangi iko, yaani ile namba ya kuitambulisha rangi, yetu ni silva. Nikaenda kwa wale wa kuchanganya rangi za magari nikawaambia nataka ya hiyo kodi lakini kidogo tu, jamaa akaniuliza ni ya kufuta mkwaruzo, nikamwambia ni ya gari nzima, akaniangalia. Sasa, hiyo rangi na thina ya gari ni kali, plastiki hii ya modeli ni polistirini na thina inaila, inapasuka pasuka nyufa ndogo. Unaanza na praima, ile rangi ya chini ya kukinga, halafu unapuliza ukungu mwepesi mwepesi, unaacha, unarudia, usimwage. Nilijaribu kwanza kwa vijiko vya plastiki vile vya sherehe, vile vigumu vinavyovunjika kwa kelele, kwa sababu navyo huwa ni polistirini. Kijiko bila praima kilikunjamana mbele ya macho yangu na chenye praima kikang'aa. Kwa kupulizia natumia kile kipulizio kidogo cha kuchaji ambacho watu wa keki wanapakia rangi, jirani wa juu ameniazima, alinionya nikirudisha kikinuka thina atanifungulia kesi.

Halafu ile fenda ya mbele kushoto. Unajua vile haifanani na mlango, na miaka yote nilikuwa nalaumu fundi kwamba alichanganya rangi kwa macho. Pengine kodi ilikuwa sawa kabisa. Silva ina vipande vidogo sana vya alumini ndani, na vile vinalala ndio vinaamua gari itaonekanaje, ukipuliza ikiwa maji maji vinazama na kujipanga tofauti, ukipuliza ikiwa kavu kavu vinakaa vingine, kwa hivyo rangi moja mkono mbili inatoka silva mbili. Nimeona hayo kwa vijiko vyangu mwenyewe, chupa moja, siku moja, na kimoja ni cheusi kuliko kingine ukikigeuza kwa mwanga. Sasa fenda ndogo nimeipuliza kavu kusudi, mbali kidogo, na wallahi inafanana na ile ya chini. Mamako alipoiona alisema rangi imeharibika. Nikamwambia twende chini. Tukaenda, akanyamaza, akasema haya lakini ile denti ya mlango usiweke.

Denti nimeweka. Mlango wa nyuma kushoto, pale pikipiki ilituegemea, nimeukwangua na blade ya kupinda kisha msasa 400, 800, mpaka 2000, kidogo kidogo, kabla ya praima. Ukiwa hujui huioni. Mwanga ukipita inajitokeza.

Vumbi nilifikiria nitumie udongo wenyewe, ule mwekundu wa Ruiru kwa yule mama wa kuku, kwani si ndio umejaa chini ya gari. Lakini fanya hesabu: punje ya mchanga ya robo milimita, zidisha kwa 24, hiyo ni milimita 6, ni kokoto, gari itaonekana imepita kwa machimbo. Inatakiwa unga laini kabisa. Nimetumia poda ya macho ya mamako, ile ya kahawia inayoelekea nyekundu, na brashi yake pia, na ndio anajua, ameniambia ninunue nyingine na nimeshanunua. Inashika vizuri sana kwa madigadi na nyuma karibu na mlango wa buti, pale upepo unarudisha vumbi.

Kitu kimoja sitaweza kuweka ni ile sauti ya yule mama wa Kijapani, ukiwasha gari anakuambia kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara huko kwao, haijaingizwa. Kila asubuhi saa kumi na moja ananiambia hivyo na mimi namwambia asante.

Sasa, kazi yako. Boneti haifunguki na injini haiko, milango pia imeshikana na bodi, kwa hivyo ukimaliza nje kinachobaki ni ndani, na ndani kwetu ni mayai. Trei ya mayai 30 ni kama sentimita 30 kila upande, hiyo inakuja milimita 12 na nusu, na nataka ziwe nyingi, zipangwe mpaka karibu na dari vile tunapanga Jumamosi. Vidole vyangu haviwezi hiyo, vyako vinaweza, wewe ndiye ulikuwa unashona nguo za vidoli na uzi mmoja. Karatasi ya trei za kweli nimeshaloweka na kusaga, iko kwa mkebe wa Blue Band chini ya sinki, usimwage ukidhani ni uchafu.

Na namba pleti nichoree kwa kompyuta. Wajapani wameweka zao, milimita 330 kwa 165, kwa hivyo kwa modeli ni karibu 14 kwa 7, sitaki hizo. Ya mbele yetu ni ile ndefu nyembamba nyeupe, chora karibu milimita 22 kwa chini kidogo ya 5. Ya nyuma ni ya njano, ya mistari miwili, nitakutumia vipimo na picha kesho kukiwa na mwanga. Print kwa karatasi ya stika ya kung'aa, na uprint nyingi, zikikatwa zinaruka zinapotea kwa kapeti. Kwa ile ya mbele kumbuka kona ya kulia imekunjwa, hiyo nitaikunja mwenyewe.

Ukipanda basi Ijumaa nipigie ukifika Nakuru ndio nijue, nitakuwa Ruiru kuchukua mayai mpaka saa nane lakini nitakupitia stage. Kaa mbele, nyuma kutakuwa kumejaa. Na usimuulize mamako blenda yako iko wapi, ameipeana kwa shangazi yako na bado hajajua atakuambiaje.

Babako