Kinda mmoja kwa mkongwe mmoja

Buffalo,
18 Desemba 2024

Swahiba wangu,

Pokea salamu zangu, na umfikishie shemeji pamoja na watoto. Huku sote wazima. Baridi imetukalia lakini tumeshaizoea. Kisichozoeleka ni hili la Sabres, timu yetu ya hoki ya barafu. Jana usiku Montreal wametuchapa 6-1, na hiyo ni mechi ya 11 mfululizo hatujaonja ushindi. Kabla ya hapo tulikuwa tumeshinda 11 kati ya 21, watu mjini wameanza kutembea vifua mbele, halafu ghafla kila kitu kikaporomoka. Mpaka mwenye timu, Terry Pegula, amepanda ndege akawafuata wachezaji huko huko Montreal kuzungumza nao.

Ulichoniandikia Jumapili, baada ya nyinyi wa Toronto kutufunga 5-3, nimekisoma zaidi ya mara moja. Nakushukuru hukunicheka. Unasema tusithubutu kutoa kinda hata mmoja ili kupata mkongwe, kwamba mvumilivu hula mbivu, na kwamba sisi tuna bahati ya kuwa na vijana wenye vipaji wengi kuliko timu nyingi. Ukanihesabia na majeraha ya Toronto ili nijifunze kwenu. Kaka, nakuheshimu, lakini hapa hatuko pamoja, na nataka nikueleze kwa kirefu kwa nini.

Nianze na majeraha yenu, maana ni ya kweli. Oktoba 1989 Toronto walianza msimu vibaya, wakamchukua beki Tom Kurvers kutoka New Jersey na kutoa zamu yao ya kwanza ya kuchagua chipukizi ya mwaka 1991, maana kila mwaka timu huchagua vijana wapya kwa zamu, na zilizofanya vibaya hutangulia. Timu ikazidi kudidimia, zamu ile ikawa ya tatu katika ligi nzima, na New Jersey wakamchagua Scott Niedermayer, ambaye amekuja kulibeba Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi, mara nne. Machi 1996, siku chache baada ya kumfukuza kocha Pat Burns, mkamrudisha kipenzi cha mji, Wendel Clark, kutoka New York Islanders. Mkamtoa beki kijana Kenny Jönsson na wenzake, pamoja na zamu ya kwanza ya 1997. Kwa zamu hiyo Islanders wakampata mlinda mlango Roberto Luongo. Halafu 2006 mkawapa Boston mlinda mlango kijana, Tuukka Rask, mkachukua mlinda mlango wao, Andrew Raycroft. Hilo la Raycroft tuliweke kando, kwa sababu alikuwa na miaka 26 tu na hakuna aliyemwita mkongwe.

Sasa tazama hayo mawili ya mwanzo yanafanana wapi. Kurvers na Clark hawakuwa wachezaji wabaya, na Clark aliwapa jasho lake lote. Kosa lilikuwa kwenye malipo: mara zote mbili Toronto walilipa kwa kitu wasichokijua. Zamu ya uteuzi ya timu inayozama haina bei, kwa sababu kadiri timu inavyozidi kuzama ndivyo zamu inavyozidi kupanda. Ukiitoa, unakuwa umeweka rehani kushindwa kwako mwenyewe, na mwenye kufaidika ni yule uliyempa. Kinda aliyekwisha chaguliwa ni jambo jingine. Huyo umemwona akicheza, unajua kimo chake, kasi yake, moyo wake. Unajua unatoa nini. Kwa hiyo nakubaliana nawe nusu: zamu zetu za kwanza zisiguswe. Lakini vijana walio kwenye foleni, hapo ndipo tunapoachana.

Ndugu zangu wa nyumbani huniuliza mbona timu isinunue tu mchezaji kwa fedha kama kwenye kandanda. Huwaambia kwamba kwenye NHL, ligi yetu ya hoki, mtu hulipwa kwa mtu au kwa zamu, na mishahara ya timu nzima ina kikomo, msimu huu dola milioni 88. Ipo njia ya kungoja mkongwe amalize mkataba ndipo umsajili bure, ila wewe unajua Buffalo tulivyo. Mwanzoni mwa mwezi huu meneja mkuu wetu, Kevyn Adams, aliwaambia waandishi wa habari waziwazi kwamba hapa hatuna minazi na kodi za New York ni nzito. Watu walimkasirikia sana. Mimi niliona amesema ukweli ambao mtu mwenye cheo chake hakupaswa kuusema hadharani. Wakongwe wengi wana kipengele cha kukataa kupelekwa timu wasizozitaka, na timu ambayo haijacheza hatua ya mtoano tangu Aprili 2011, ilipotolewa na Philadelphia katika mechi ya saba, huwa miongoni mwa za kwanza kukatwa. Kwa hiyo akipatikana mkongwe mwenye sifa na aliye tayari kuja, lazima tuwe na cha kumpa mwenye naye.

Nije kwenye kisa ambacho sidhani kama kuna mwana Buffalo anayelala bila kukikumbuka. Tarehe 1 Julai 2018 tulimtoa Ryan O'Reilly kwenda St. Louis. Alikuwa na miaka 27, na mkataba wake ulikuwa umebakiza miaka mitano. Tukapokea Tage Thompson, kijana mrefu wa miaka 20, na wakongwe wawili, Berglund na Sobotka, ambao hawakutufaa, pamoja na zamu ya kwanza na ya pili. Miezi michache kabla ya hapo tulikuwa tumemaliza mkiani mwa ligi, na O'Reilly akawaambia waandishi kwa uchungu kwamba timu imezoea kushindwa, na kwamba mazoea hayo yamemwingia hata yeye mpaka mapenzi yake kwa mchezo yamepungua. Wapo waliosikia maneno yale wakaona huyu mtu ana sumu. Mimi nilisikia mtu mzima ndani ya nyumba akipiga kelele kwamba kuna moto.

St. Louis nao walikuwa wamekosa mtoano mwaka ule kwa pointi moja. Wakatoa kijana, wakatoa zamu, wakamchukua mtu mzima. Mwanzoni mwa Januari 2019 walikuwa wa mwisho katika ligi nzima, wakaambiwa wamepoteza. Juni wakabeba Kombe la Stanley, la kwanza katika historia yao, na O'Reilly akachaguliwa mchezaji bora wa mtoano. Akachukua na tuzo ya Selke, ile ya mshambuliaji anayejua kukaba kuliko wote.

Najua utaniambia: lakini Thompson! Msimu wa 2022-23 alifunga mabao 47. Kweli, na nampenda yule kijana kama anavyopendwa na kila mtu hapa. Ila kutoka 2018 mpaka mabao yale 47 ilikuwa miaka mitano, na ndani ya miaka hiyo jiulize nani waliondoka. Jack Eichel, tuliyemchagua wa pili mwaka 2015, alikwenda Vegas Novemba 2021 na akabeba kombe 2023. Sam Reinhart, tuliyemchagua wa pili mwaka 2014, alikwenda Florida. Msimu uliopita akafunga mabao 57, na katika mechi ya saba ya fainali mwezi Juni bao la ushindi lilikuwa lake. Kwenye kikosi kile cha Florida walikuwamo watano waliowahi kuvaa jezi yetu: Reinhart, Brandon Montour, Evan Rodrigues, Dmitry Kulikov na Kyle Okposo. Siku ile sikujua nifurahi au nilie.

Kwa hiyo usiniambie tatizo letu ni kukosa subira na vijana. Vijana tumewapata, na wa daraja la juu kabisa. Wanakomaa vizuri tu, isipokuwa wanakomaa wakifika kwa wengine, mahali ambapo kuna watu wazima wa kuwaonyesha njia.

Hapo kwa Okposo niruhusu nikae kidogo, maana unajua alivyo moyoni mwangu. Mtoto wa baba Mnigeria, amekuja hapa 2016, akapita kwenye maradhi na kwenye vipigo visivyohesabika, akafanywa nahodha 2022. Wakati watoto wetu pale mtaani West Side walipokuwa wakiniuliza kama mchezo huu ni wa watu kama sisi, niliwaonyesha yeye. Machi mwaka huu tukamwachia aende Florida akatafute kombe lake, nasi tukapokea kitu kidogo sana. Alistahili, simlaumu mtu kwa hilo, na alipolinyanyua nilishangilia peke yangu sebuleni. Lakini baada ya yeye kuondoka, ni nani amekaa kwenye kiti chake? Nahodha sasa ni Rasmus Dahlin, beki wa miaka 24 aliyechaguliwa wa kwanza 2018, ambaye tangu aanze kazi hajawahi kucheza hata mechi moja ya mtoano. Anabeba timu kwa uwezo wake wote. Na yeye nani anambeba?

Kumbuka ile ya Colorado, tarehe 3 mwezi huu. Tuliongoza 4-0 nyumbani kwetu, tukafungwa 5-4. Niliwaangalia nyuso baada ya bao la pili la Colorado. Hakukuwa na mtu wa kupunguza kasi ya mchezo. Mtu wa kushinda kile kisahani kinachochezwa badala ya mpira, refa anapokidondosha, akakituliza, akawatazama wenzake akawaambia tulieni, bado tunaongoza. Kila mmoja alikuwa anakimbilia kufunga bao la tano ili hofu iishe. Wazee wetu walisema penye wazee haliharibiki neno, na usiku ule neno liliharibika mbele ya macho yetu sote kwa sababu wazee hawakuwapo.

Adams alijaribu kidogo kiangazi. Julai alimtoa Matt Savoie, aliyechaguliwa wa tisa 2022, akamchukua Ryan McLeod kutoka Edmonton. Nilimsifu na bado namsifu, McLeod ana mbio na anajua kukaba, na ametoka kucheza fainali. Lakini ana miaka 25. Tumeongeza kijana mwingine juu ya vijana. Kocha Lindy Ruff tumemrudisha, na yeye ndiye aliyetufikisha fainali ya 1999, ila kocha hakai kwenye benchi pamoja na wachezaji akivaa viatu vya barafu.

Ninachokitaka ni hiki. Kiungo, mshambuliaji wa katikati, wa miaka kama 27 hadi 31, anayecheza pande zote mbili, aliyewahi kufika mbali kwenye mtoano, na mwenye miaka angalau miwili mbele kwenye mkataba. Hili la mkataba ndilo kubwa kwangu. Mkongwe wa kuazima kwa miezi mitatu ni wa timu iliyobakiza hatua moja kufika, si wetu. Sitaki pia mtu wa miaka 36 aje kustaafia hapa. Nataka mtu wa kukaa, ambaye Zach Benson mwenye miaka 19 atamwona kila siku mazoezini mpaka na yeye awe hivyo.

Na nitatoa nani? Simtoi Thompson, simtoi Dahlin, simtoi Owen Power. Jiří Kulich simtoi, ameshaanza kucheza na sisi, na zamu iliyotupatia yeye ndiyo tuliyopewa kwa Reinhart. Tukimtoa tena tutakuwa tunauza mpaka mabaki. Waliobaki kwenye foleni katika timu yetu ya akiba ya Rochester ni Isak Rosén, Noah Östlund na Konsta Helenius, wote waliochaguliwa raundi ya kwanza. Nafasi za timu kubwa haziwatoshi wote watatu. Mmoja akae mezani. Inaniuma kwa Östlund, maana na yeye ni zao la kuondoka kwa Eichel, lakini akija kwa malipo yake mtu wa aina ya O'Reilly, nitasaini kwa mkono wangu.

Wala sisemi ifanyike leo. Hapo uko sahihi kabisa: meneja aliyepoteza mechi 11 akipiga simu, wa upande wa pili anapandisha bei kabla hajasalimiwa. Bahati nzuri kuanzia kesho usiku ligi inafunga ubadilishanaji kwa ajili ya Krismasi, kwa hiyo hakuna atakayeweza kufanya jambo kwa papara. Mwisho kabisa ni tarehe 7 Machi. Wapumue, washinde hata moja, kisha wakae chini. Lakini wasije wakafika Machi wamekunja mikono wakituambia tungoje vijana wakue. Mwaka 2023 tulikosa mtoano kwa pointi moja tukaambiwa tungoje, tumengoja, na tazama tulipo.

Basi Ijumaa tuonane. Tiketi yako ninayo. Vuka Peace Bridge mapema, maana watu wenu huja kwa mabasi wakaujaza uwanja wetu wa KeyBank Center utadhani wako kwao. Na katika safari fikiria hili, unijibu tukikaa: kati ya Rosén, Östlund na Helenius, kama wewe ndiye Adams, ungemtoa nani?

Wasalaam,
Swahiba wako wa Buffalo