PhD ya uchumi wa Kiislamu, mafunzo ya utafiti siku mbili!

Mhariri, salaam. Naomba kanafasi niseme hili la sisi tunaosoma PhD ya uchumi wa Kiislamu. Somo lenyewe si la jana, mkutano wa kwanza wa kimataifa ulifanyika Makka 1976, Kenya benki ya Kiislamu ya Gulf African Bank ipo tangu 2008, huku kwetu Amana Bank 2011, ila mafunzo ya utafiti tulipewa siku mbili tu, ile programu ya takwimu ya SPSS, bonyeza hapa bonyeza pale, chai, cheti, kwaheri.

Mi nikaenda na dodoso langu sokoni Darajani, namuuliza muuza samaki anaridhika kiasi gani na murabaha, yaani benki inanunua kitu halafu inakuuzia kwa faida iliyotajwa, akaniangalia, "murabaha ndo nini mwanangu?" halafu akapiga tiki "sina uhakika" mpaka chini ili nimwache auze changu wake. Kumbe friza lake kalipata kwa murabaha hiyohiyo! Ningekaa nae nimuulize tu nani alilinunua kwanza, yeye au benki, si ndo fikihi, sheria ya Kiislamu, yenyewe? Maana benki isipolimiliki kabla ya kumuuzia, hiyo kwangu ni riba imevaa kanzu. Lakini kuhoji watu nani katufundisha? Tupeni japo muhula mzima jamani, mwalimu wa fikihi na wa takwimu wakae darasa moja.

Mwanafunzi, Unguja