Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: kiti cha diwani ki wazi, taarifa imekwama wapi?

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: UCHAGUZI MDOGO WA DIWANI WA KATA YETU

Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mkulima wa mwani katika mojawapo ya kata za pwani ya Tanga, tena ni mpiga kura niliyeandikishwa katika Daftari la Kudumu. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizokuletea kupitia kwa Mtendaji wa Kata zilipokewa vizuri, zikagongwa muhuri, na habari yake ikaishia hapo.

Utakumbuka kwamba siku ya maziko ya diwani wetu ulisimama mbele ya waombolezaji, ukatupa pole kwa maneno mazuri, na ukaahidi kwamba taratibu za kujaza nafasi yake zingeanza mara moja. Tulikuamini. Hata vijana waliotaka kuhoji siku ileile tuliwanyamazisha, tukawaambia kaburi bado bichi, tumpe Mkurugenzi nafasi. Tangu hapo vuli imepita, Ramadhani imeingia na kutoka, na sasa tumo katika masika.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kikao cha Baraza la Madiwani cha wiki iliyopita, ambacho nilikwenda kukisikiliza kwa kuwa ni haki ya mwananchi. Kibao chenye jina la kata yetu kilikuwa mezani, na mbele ya kiti kitupu palikuwa na chupa ya maji, kana kwamba mwenyewe ametoka kidogo kwenda kuswali. Chupa ile bila shaka ililipiwa, kwa hiyo nisiambiwe tena kwamba halmashauri haina fungu kwa ajili ya kata yetu. Madiwani wa kata nyingine walisimama mmoja baada ya mwingine wakasoma taarifa zao, wakabanwa maswali, wakabishana na wakuu wa idara mpaka jasho likawatoka. Ilipofika zamu yetu ikasemwa kwamba taarifa ichukuliwe kuwa imesomwa, na kikao kikaendelea.

Ndani ya taarifa hiyo isiyosomwa, Ndugu Mkurugenzi, ndimo lilimokuwa banda la kukaushia mwani, ambalo marehemu alilipigania kila kikao mpaka mkaahidi kulitengea fedha. Sijui kama umewahi kuona mwani ulionyeshewa. Tunauvuna maji yakitoka, tunaubeba vichwani ukiwa mzito wa maji ya bahari, kisha tunautandaza kwenye chanja za fito ukauke. Mvua ikiupiga hapo, rangi inapauka, na mnunuzi akiushika mkononi anatikisa kichwa. Ama anashusha bei, ama anakuachia mzigo wako. Masika haya nimeachiwa wangu wote, na michango ya shule ya mjukuu wangu ilikuwa inautegemea. Siwezi kusema kwamba diwani angeizuia mvua. Nasema angekuwepo mtu wa kusimama na kuuliza banda liko wapi.

Tumeshauriwa tupeleke shida zetu kwa diwani wa kata jirani. Tunamheshimu, lakini yeye ana wapiga kura wake na mabanda yake ya kuulizia, nasi hatukumchagua. Aidha, diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na tangu aliyekuwepo afariki, vikao vya kamati hiyo huku kwetu vimekuwa vya kubahatisha.

Nieleweshwe jambo moja. Utaratibu, kama tunavyouona katika matangazo ya Tume ya Uchaguzi kila mara, ni kwamba kiti cha diwani kikiwa wazi, Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa huiarifu Tume, nayo Tume hupanga siku ya uteuzi, kampeni na kura. Tume haiwezi kupanga siku ya kujaza kiti ambacho haijaambiwa kuwa ki wazi, na Waziri hawezi kuota kwamba kata fulani ya wakulima wa mwani imefiwa. Mwanzo wa safari hiyo ni mezani kwako. Je, taarifa ilitoka?

Kwa kukosa jibu, watu wamejitungia majibu. Wapo wanaosema mnasubiri viti vingi viwe wazi ili gharama iwe moja, kama ilivyokuwa Novemba 26, 2017, kata 43 zilipopiga kura siku moja. Ikiwa ndivyo, tuambiwe tunangoja madiwani wangapi wengine wafariki. Wengine wanaitaja Ibara ya 76 ya Katiba, inayozuia uchaguzi mdogo wa ubunge katika miezi 12 ya mwisho kabla ya Bunge kuvunjwa, wakidhani kwamba nasi tunavutiwa muda namna hiyohiyo. Mimi nahisi ni uzembe tu, faili limelaliwa na faili jingine, ila sina ushahidi.

Ninachojua ni kwamba penye nia mambo haya huenda haraka. Hapahapa mkoani kwetu, mbunge wa Korogwe Vijijini alifariki Julai 2018, na uchaguzi mdogo ukapangwa Septemba 16 mwaka huohuo. (Kwamba hatimaye mgombea mmoja alipita bila kupingwa na wananchi hawakupiga kura, hilo lina barua yake.) Chalinze nao walifiwa na mbunge Januari 2014, wakapiga kura Aprili 6. Sisi tunaomba diwani tu.

Siombi banda katika barua hii, wala siombi fidia ya mwani wangu. Naomba nakala ya taarifa uliyoiandika kwamba kiti chetu ki wazi, yenye tarehe na kumbukumbu namba, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata. Kama haijaandikwa, naomba iandikwe wiki hii, kisha ndiyo ibandikwe. Ubao upo, na nafasi juu yake ni tele.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa mwani,
Pwani ya Tanga.