Barua ya Wazi kwa Darasa Linalohitimu: Mtanieni Mwenzenu, Lakini Naye Acheke

Wajukuu zangu mnaomaliza sekondari,

Salamu nyingi. Nasikia kitabu chenu cha mahafali kimefika pale pagumu: picha zimeshakusanywa, sasa kamati inavutana juu ya maneno ya kuweka chini yake. Wapo wanaotaka kila mtu asifiwe, wapo wanaotaka kila mtu aanikwe. Nimefundisha hadi nikastaafu, na vitabu vya aina hii ninavyo rafu nzima, kwa hiyo naingia kwenye ugomvi wenu bila kualikwa. Mzee ana haki hiyo hata mkiguna.

Nianze na wa sifa. "Ni mpole, mcheshi, mwenye bidii, anapenda muziki na kusoma." Maneno haya nimeyakuta chini ya picha za watu ambao hawakufungua kitabu mpaka kiranja awasimamie. Ni kilemba cha ukoka. Tena hebu badilisheni picha mbili mwone: maneno yatawakaa wote wawili bila taabu. Sasa hayo yana kazi gani?

Mtu huonekana kwa anachofanya. Theophrastus, Mgiriki wa kale aliyekuwa mwanafunzi wa mwanafalsafa Aristotle, alilijua hilo miaka 2,300 hivi iliyopita. Alituachia michoro mifupi 30, ya maneno, ya tabia za watu, na kila mmoja, baada ya kueleza tabia kwa sentensi moja, ni vitendo mfululizo. Mpiga domo wake anaketi kando ya mtu asiyemjua, anaanza kumsifu mkewe mwenyewe, anahamia kwenye ndoto ya jana usiku, kisha anataja kimoja kimoja alichokula. Mzubaifu wake anajumlisha hesabu kwa vijiwe, jibu likiwa tayari liko mbele yake anamgeukia jirani: "Inakuwa ngapi?" Nani kati yenu hajakaa dawati moja na huyo? Na ni yeye huyohuyo anayesinzia kwenye maonyesho hadi watu wote wakaondoka, akabaki peke yake.

Basi litazameni darasa lenu kwa jicho hilo.

Yuko yule wa "mimi sijasoma kabisa". Asubuhi ya mtihani anazunguka ameshika kichwa, anauliza sura ya tatu ilihusu nini, mpaka aliyekesha na madaftari anaanza kumhurumia. Matokeo yakibandikwa, jina lake liko juu, na anayeshangaa kuliko wote ni yeye. Msiandike "ana akili nyingi". Andikeni: "Miaka yote hakusoma hata siku moja, shahidi ni yeye mwenyewe. Aliongoza kwa bahati mbaya, muhula hadi muhula." Hilo mama yake atawasomea wageni.

Yuko mkopaji wa kalamu: "Anazo kalamu za darasa zima isipokuwa yake. Ukimdai, anakulipa kwa ya mwenzako." Inatosha, msiongeze neno.

Yuko msinziaji wenu. Akiamshwa kwenye kipindi cha historia hujibu "kumi na mbili". Siku moja akaamshwa kwenye hesabu, jibu likawa kumi na mbili kweli, na tangu hapo hakuona tena sababu ya kuamka.

Na yule anayenyoosha mkono kengele ikikaribia kulia, "Mwalimu, hukukusanya ile kazi," huyo nawaachia wenyewe. Najua bado mna hasira naye, na hasira ya aina hiyo huandika vizuri.

Kazi ngumu ni mkimya. Kila kitabu nilicho nacho kinamwandika vilevile, "mkimya lakini mwema", kana kwamba ukimya ni kosa linaloombewa radhi. Kamati ikifika kwake imechoka, inataka kumaliza. Mimi ningeanza naye. Muulizeni aliyekaa nyuma yake, si marafiki zake maarufu. Mtaambiwa kwamba ndiye aliyekuwa akifuta ubao asubuhi hata siku isiyo zamu yake, au kwamba kichekesho kikitolewa yeye hucheka wenzake wote wakishanyamaza, peke yake, na hapo darasa huanza kucheka upya. Huo ndio mchoro. Mkikosa cha kusema juu ya mtu mliyekaa naye miaka yote hiyo, hamkumtazama tu. Wiki chache bado zipo, mtazameni.

Nije kwa ninyi mnaotaka kuanika. Theophrastus alichora aina za watu, hakumtundika jirani yake ukutani. Ninyi mnaweka jina kamili na picha juu yake, kisha mnachapa nakala za kutosha ukoo mzima. Mzaha mzaha hutunga usaha. Mwili wa mtu, ngozi yake, kigugumizi chake, hali ya nyumbani kwao, somo alilofeli, nani alimpenda akakataliwa: hayo yaacheni. Habari ya sura, picha imeshaimaliza. Mwaka 1806 wahitimu wa chuo cha Yale, kule Marekani, walikusanyiwa kumbukumbu ya vivuli vyeusi vya nyuso zao zikitazama upande, maana kamera haikuwepo. Ninyi mna picha za rangi. Chunusi za mtu hazihitaji maelezo ya ziada.

Majina ya utani nayo yaulizeni kwa wenyewe. Wapo wanaoitikia kwa furaha, na wapo wanaoitikia kwa sababu wamechoka kukataa. Kwa nje hawatofautiani.

Kwa hiyo kila mtu asome mchoro wake kabla haujaenda kwa mchapaji. Asome akiwa peke yake, tafadhali, si mbele ya kundi, kwani mbele ya kundi kila mtu hucheka. Akisema "ondoeni", ondoeni bila kumhoji sababu, muandike mwingine.

Urefu uwe mmoja kwa wote. Maneno 50 hivi yanatosha. Najua mtashawishika kumpa nahodha wa timu ukurasa mzima. Kumbukeni kitabu cha kubanwa pini katikati hupangwa kwa kurasa zinazogawanyika kwa 4, hivyo ukurasa mmoja wa umaarufu ukizidi huweza kuleta kurasa tatu tupu nyuma yake. Najua kamati huzijaza kwa nini: mashairi ya mwenyekiti.

Mkifika kwa walimu, msitupake mafuta. Aliyekuwa akisema "la mwisho kabisa" mara tatu katika kipindi kimoja anastahili mchoro wake, na aliyetembea na chaki sikioni huku akiitafuta mezani pia. Mkitaka kuniandika mimi, nimewapa ruhusa. Ila kabla hamjapeleka kwa mchapaji, nileteeni nisome kwanza. Nikiwa peke yangu.

Babu yenu,
Mwalimu mstaafu