Mafuta yasibebeshwe lawama yote

Mhariri,

Makala yenu ya afya imetuambia tukitaka moyo udumu tuache nyama yenye mafuta. Mimi nina bucha Ngarenaro, Arusha, kwa hiyo mtasema natetea ugali wangu. Ni kweli, nautetea.

Sikatai kwamba mafuta ya wanyama yanapandisha kolesteroli, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu. Ila wanaobeba kilo nne za mbavu kwangu ni watu wenye nafasi zao. Dereva wa kifodi, daladala yetu ndogo, ananunua robo, tena ya mchanganyiko, nusu mifupa, na huyo ndiye nasikia presha imemwangusha.

Wapenda nyama hukimbilia mfano wa Wamasai. Katika miaka ya 1960 mtafiti Mmarekani George Mann na wenzake waliwapima wanaume wa Kimasai hapa kwetu, watu wa maziwa na nyama, wakakuta kolesteroli yao iko chini. Mwaka 1972 wakatoa matokeo ya mioyo ya marehemu 50: mishipa ilikuwa na utando wa mafuta, lakini ilikuwa mipana. Wale walikuwa wanatembea kutwa. Ukikaa kwenye usukani toka alfajiri, usijifananishe nao.

Kinachonigusa zaidi ni utafiti wa Whitehall, ulioanza London mwaka 1967 kwa watumishi wa serikali. Wote walikuwa na ajira na mshahara. Hata hivyo matarishi na wenzao wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi ya mara tatu kuliko wakubwa wao. Sigara, presha na kolesteroli vilipopigiwa hesabu, pengo kubwa bado lilibaki. Utafiti uliofuata, ulioanza 1985, ukaonyesha kwamba asiye na kauli juu ya kazi yake moyo wake uko hatarini zaidi.

Sasa mtazameni dereva wetu. Hesabu ya kila siku ya tajiri mwenye gari haipungui, mvua inyeshe au abiria wasiwepo. Trafiki yuko mbele, deiwaka, yule dereva wa kibarua, anasubiri kiti chake, ada ya shule haijalipwa. Analala saa sita usiku, saa kumi yuko barabarani. Huyu mnamwambia apunguze mafuta! Mafuta yapi?

Mwandishi wenu aje stendi ya Kilombero jioni, aje na kipimo cha presha, kisha awaulize matajiri wa magari kwa nini dereva hana siku ya kupumzika.

Mwenye bucha,
Ngarenaro, Arusha