Kwa mdogo wangu, kuhusu lile kopo la friji

Mdogo wangu,

Siku ile nilipofungua friji yako kutafuta maziwa ya mtoto, nilikuta kopo la pipi za jeli limekaa pembeni ya mtindi. Moja nilikuwa nimeshaishika, ndipo ukaniwahi: "Dada, hizo acha, zina bangi." Tukacheka. Nilipofika kwangu kicheko kikaisha. Je, angekuwa mwanao? Au yaya?

Sikuandikii kukusimanga kwa habari ya bangi. Wewe ni mtu mzima, na hesabu yako na sheria utaifanya mwenyewe. Shida yangu ni kopo.

Sigara ya bangi inanuka, na mtoto wa miaka mitatu haimvutii. Pipi ni pipi. Huko Marekani, mwaka 2017 vituo vya ushauri wa sumu viliripotiwa watoto 207 wa chini ya miaka 6 waliokula vitu vya namna hii. Mwaka 2021 walikuwa 3,054. Karibu wote waliviokota majumbani.

Tena mtoto hawezi kula moja akaacha. Wewe unakata nusu, unangoja. Watafiti wameona kwamba kwa watoto wa umri huo, THC, yaani kile kinacholevya ndani ya bangi, ikifika kama miligramu 1.7 kwa kila kilo ya mwili, madhara makali yanatarajiwa. Mwanao ana kilo 12. Piga hesabu: ni kama miligramu 20, yaani pipi mbili za miligramu kumi kumi. Hazijazi hata kiganja chake.

Na haimshiki papo hapo. Bangi ya kuliwa hupitia kwenye ini, na huko THC hugeuzwa kuwa kitu chenye nguvu zaidi. Nusu saa hadi saa mbili zinaweza kupita kimya. Atakula saa nne asubuhi, atacheza vizuri tu, halafu karibu na adhuhuri aanze kuyumba, atapike, alale usingizi usioamshika. Wengine hupumua kwa shida, wengine hupata degedege. Saa hiyo wewe uko kazini.

Aliye naye ni yaya, na yaya hujamwambia kitu. Najua unaogopa maneno yasitoke nje. Lakini friji hiyo yeye ndiye anayeifungua kutwa. Akila moja akidhani ni pipi, atalewa bila kujua kimemlewesha nini, moyo unamwenda mbio, anadhani anakufa, na mtoto yuko mgongoni na jiko linawaka. Mama naye anapokuja kukaa na mjukuu, na dawa zake za presha na magoti yale, umewahi kumfikiria?

Sasa mtoto afikishwe hospitali bila yeyote kujua. Daktari anaona mtoto asiyeamka: atafikiria homa ya uti wa mgongo, atafikiria ameanguka akaumia kichwa. Wapo waliotolewa maji ya uti wa mgongo kwa kukosekana neno moja tu la kumwambia daktari.

Kwa hiyo mwambie yaya, bila kuzungukazunguka: hii ni bangi, si pipi. Ukihisi mtoto amekula, usingoje dalili, usimtapishe, usimnyweshe maziwa ukidhani yataikata. Mkimbize hospitali, chukua na kopo lenyewe, na utaje bangi. Kisha mwahidi kwamba hatafukuzwa kwa kusema, na uitimize ahadi hiyo. Akiogopa kazi yake atanyamaza.

Kopo litoke kwenye friji. Liwe ndani ya kisanduku chenye kufuli, juu, chumbani kwako, na ufunguo usikae kwenye mkoba ule anaouchezea mtoto. Usizihamishie kwenye kopo la biskuti. Kile kifuniko kigumu kinamchelewesha tu. Usile mbele yake, wala usiziite pipi akisikia (nami nimeziita hivyo barua nzima, najua). Keki za kuoka mwenyewe ningeziacha kabisa; huwezi kujua kipande kipi kimebeba kiasi gani, na keki ikishakaa mezani nani ataomba ruhusa ya kukata?

Jumamosi nakuja kukaa na mtoto ili upate nafasi ya shughuli zako. Kisanduku nimeshanunua, funguo ziko mbili na zote utazichukua wewe. Uwe umeshazungumza na yaya kabla sijafika.

Dada yako